Dereva wa Gari la Nyuma

Watu wakisikia kwamba mimi na mume wangu tulifanya biashara ya kuvuta magari kati ya Arua na Koboko, huanza kuuliza habari zake yeye. Alijifunza wapi, lori lilikuwa la namna gani, waya aliupata kwa nani. Mimi hunidhania nilikuwa nyumbani nikisonga enyasa, ugali wetu wa muhogo. Huwa nawaacha wamalize, kisha nawaambia kwamba gari linalovutwa nalo lina usukani, na lazima awepo mtu wa kuushika. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Tulioana tukiwa wakimbizi. Vita vya mwaka 1979 vilipofika kwetu, watu wa Logiri tulivuka kwenda Kongo kwa miguu, na watu wa Koboko nao wakavuka upande wao. Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshajua kushona. Yeye alikuwa fundi wa magari. Baba yake alikuwa askari, kwa hiyo alikulia kambini, na kazi aliijulia katika gereji ya jeshi kabla ndevu hazijamwota. Tulikutana sokoni Ariwara, huko Kongo, ambako cherehani yangu na sanduku lake la spana vilikaa chini ya kibanda kimoja. Yeye Mkakwa na Mwislamu, mimi Mlugbara na Mkatoliki. Hakujua lugha yangu na mimi sikujua yake, basi tukaongea Kiswahili chetu cha West Nile, kile cha "iko" na "hapana jua", na hicho ndicho watoto wetu walichonyonya.

Tuliporudi Uganda, katikati ya miaka ya themanini, barabara ya kutoka Arua kwenda Koboko ilikuwa imechakaa hata magari yakawa yanapita kwenye mashamba ya watu pembeni. Kila mvua kubwa iliacha lori mahali fulani limezama mpaka kwenye ekseli. Wengine waliitazama ile barabara wakalaumu serikali. Mume wangu aliitazama akasema, "Mama, hapa iko kazi ya miaka mingi."

Lori tulilipata kwa mfanyabiashara wa kahawa huko Ariwara ambaye alikuwa amechoka nalo. Lilikuwa la zamani la jeshi, pua ndefu, magurudumu makubwa, na mbele lilikuwa na winchi, ile roda ya chuma inayozungushwa na injini ili kukunja waya. Winchi yenyewe ilikuwa imeshikana kwa kutu. Ili tulichukue, kaka za mume wangu walitoa ng'ombe na mimi nikatoa cherehani. Siku cherehani ilipoondoka juu ya kichwa cha mwanamke mwingine, nilimwambia mume wangu mbele ya kaka zake kwamba kuanzia sasa lori hilo ni langu pia. Alikubali. Nadhani alikubali haraka kwa sababu hakuelewa nilikuwa na maana gani.

Shida iliyotusumbua mwanzoni haikuwa matope. Matope mume wangu aliyajua. Mafuta yaliletwa na vijana wa baiskeli kutoka mpakani, na waya tuliupata kwenye kinu cha pamba kilichokufa zamani. Shida ilikuwa mtu wa nyuma. Kulitoa gari topeni ni nusu ya kazi. Likishatoka bado haliwezi kwenda lenyewe, na lazima lifike gereji Arua. Unalifunga nyuma ya lori lako, mtu anakaa ndani yake kuliongoza, na mnaondoka. Kila mwenye gari alidhani kwa kuwa gari ni lake, basi yeye ndiye wa kukaa.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa muuza samaki wakavu. Pikapu yake ilikufa injini karibu na Maracha. Tuliifunga kwa mnyororo, akaingia, akashika usukani kama mtu anayeshika pembe za ng'ombe. Nilikuwa mbele na mume wangu. Kila tulipopunguza mwendo alichelewa kufunga breki, na tulisikia kishindo nyuma yetu. Tulipofika Arua taa zake zote mbili zilikuwa zimevunjika na boneti imekunjamana. Alishuka akasema tumemharibia gari. Mume wangu alimweleza kwamba breki ya gari lisilo na injini ni ngumu kama jiwe, lazima uikanyage mapema na kwa mguu wote. Yule bwana alisema, "Ungeniambia asubuhi." Na kweli, hakuambiwa.

Baada yake tuliajiri watu. Mmoja alikuwa mlevi. Mwingine alikuwa mtu mzuri tu, hana neno, lakini gari lisilo na injini lina utulivu fulani, linayumba polepole kama kitanda cha kamba, naye akasinzia. Tulimkuta amelalia usukani, gari limepanda kwenye ukingo wa barabara. Siku hiyo mume wangu alikaa chini kando ya lori akavua kofia. Nilimwambia, "Nipe mimi hiyo kazi."

"Wewe hapana jua kuendesha gari."

"Nyuma hakuna kuendesha. Nyuma iko kushika na kungoja. Mimi nimeshona miaka mingi. Kushika na kungoja najua."

Alinitazama ili aone kama nafanya mzaha. Kesho yake alinipeleka kwenye kiwanja cha mpira karibu na kwetu Arua pamoja na gari bovu la jirani, na tulizunguka kile kiwanja mpaka wachezaji wakachoka kutungoja. Alinifundisha kutazama magurudumu yake ya nyuma na si taa zake, kwa sababu taa zilikuwa haziwaki. Alinifundisha kwamba mnyororo ukilegea nimekaribia mno, na ukikaza ghafla nimechelewa kuachia breki. Nilipokosea, alishuka akaja mpaka dirishani kwangu akanieleza tena kwa sauti ile ile. Hajawahi kunifokea kazini. Nyumbani, ndiyo.

Baadaye tuliuacha mnyororo. Alitafuta bomba nene la chuma, akalichomelea pete kila upande, na tangu hapo magari mawili yaliunganishwa kwa bomba hilo na pini mbili. Bomba halilegei, kwa hiyo yeye akifunga breki, nami nasimama. Lakini bado tulihitaji kuzungumza. Honi ya gari bovu mara nyingi imekufa, na nikipiga kelele hasikii. Basi nilichukua kamba nyembamba ya katani, nikaipitisha kutoka dirishani kwangu mpaka ndani ya lori lake, na mwisho wake nikafunga kopo la maziwa lenye vijiwe. Kopo lilining'inia karibu na sikio lake. Nikivuta mara moja, punguza. Nikivuta mfululizo, simama. Watu walicheka wakiona kopo hilo, lakini lilifanya kazi kuliko honi nyingi za Arua.

Kwenye vizuizi vya barabarani walituchelewesha sana. Nakumbuka askari mmoja kijana, bunduki begani, alizunguka gari nililokaa, akainama chini yake, akarudi dirishani.

"Dereva ya hii gari iko wapi?"

"Iko hapa."

"Wewe?"

"Mimi."

"Na injini?"

"Injini iko mbele, na bwana yangu."

Alikwenda mbele kumuuliza mume wangu, akapewa jibu lile lile, akarudi kunitazama tena. Mwishoni aliita wenzake waje waone mwanamke anayeendesha gari lisilokwenda. Walitupa maji ya kunywa wakatuacha. Kuanzia hapo kila tulipopita kizuizi hicho waliniita "dereva," na mume wangu wakamwita "injini." Hakupenda, lakini tulipita bure.

Mama yangu hakuipenda kazi hiyo. Alikuja kutoka Logiri kututembelea, akanikuta nimekaa kwenye basi lililovunjika, bomba limefungwa tayari, na akasema kwa Kilugbara, mbele ya abiria wote, "Mume wako anakufunga nyuma yake kama mbuzi wa mnada." Abiria waliokuwa wanaelewa walicheka. Nilimwambia mama apande akae karibu nami. Hakupanda. Alichukua mzigo wake akaenda kutungojea Arua kwa njia nyingine, na jioni alikula chakula changu akakimaliza.

Nitasimulia siku ya tumbaku, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha mambo yetu.

Ilikuwa msimu wa kupeleka tumbaku mjini. Wakulima wa Adumi walikuwa wameshakausha majani yao na kuyafunga kwenye marobota, na lori la mfanyabiashara mmoja wa Arua lilikwenda kuwachukulia. Huyo bwana alikuwa mteja wetu mkubwa. Alikuwa na malori kadhaa, na lilipokufa moja alituita sisi kabla ya mtu mwingine. Safari hii giaboksi ilivunjika likiwa limejaa, na wingu lilikuwa limesimama upande wa Kongo.

Tulimkuta anatembea huku na huku. Wakulima wengi walikuwa juu ya marobota, wamekaa wakingoja safari. Nilizunguka lori. Lilikuwa limejaa kupita mbao zake. Kabla ya kufika mjini kuna mteremko mrefu wa kushuka mtoni, na barabara ilikuwa bado na unyevu wa mvua ya jana.

Nilimwambia mume wangu, "Hii mzigo ni kubwa. Lazima washushe."

Mwenye lori alinisikia. "Mama, nikishusha na mvua ikanyesha, majani haya yote yataoza. Hii ni kazi ya hawa watu ya mwaka mzima."

Hakuwa anasema uongo. Nilizitazama nyuso za wale watu juu ya marobota na nilijua karo za watoto wao zilikuwa humo ndani. Mume wangu alisimama katikati yetu. Najua alivyokuwa anafikiri: akikataa, yule mteja anaondoka na malori yake yote. Akasema polepole, "Mimi nitaenda na gia ya kwanza. Breki yangu iko nzuri."

"Breki yako iko nzuri," nikamwambia, "lakini nyuma ni mimi."

Kisha nilisema masharti yangu, na niliyasema kwa yule bwana, si kwa mume wangu. Watu wote washuke watembee. Nusu ya marobota yashushwe yawekwe chini ya paa la kanisa lililokuwa karibu, na sisi tutarudi kuyachukua leo hii hii. Kama hataki, atafute mtu mwingine wa kukaa kwenye ule usukani.

"Huyu mama ndiye anaamua?" akamwuliza mume wangu.

Mume wangu alikuna kidevu. "Lori iko yake pia," akasema. "Mimi nilikubali mbele ya watu."

Wakulima wenyewe ndio waliomaliza ubishi. Mzee mmoja kati yao aliruka chini akaanza kushusha marobota yake, na wengine wakamfuata. Ilichukua muda, lakini mvua ilikawia. Tukaondoka.

Tulikwenda vizuri mpaka juu ya ule mteremko. Mume wangu alisimama kabisa kule juu, akashuka, akakagua pini zote mbili, akanipungia mkono. Tukaanza kushuka. Niliona magurudumu yake yakizunguka taratibu. Nilihisi uzito ukinisukuma kutoka nyuma, kupitia kiti, kama umati wa watu unaotaka kupita mlangoni. Tulikuwa tumeshapita nusu ya njia nilipohisi mtikisiko kwenye usukani, na mlio mmoja mfupi wa chuma. Pini ya upande wangu ilikuwa imekatika.

Bomba lilianguka likawa linaburutwa nyuma ya lori lake. Nilivuta kamba ya kopo, na ikaja mikononi mwangu nyepesi, imeshakatika. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Lori lilipunguza mwendo kidogo, kisha likaanza kwenda tena. Nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho, ikatoa moshi na harufu ya kuungua, na lori likaendelea kwenda.

Mbele yangu alikuwa mume wangu, hajui lolote. Kulia kulikuwa na korongo. Kushoto kulikuwa na ukingo mfupi, na juu yake shamba la muhogo lililopanda kwenda kilimani. Watu huniuliza niliwaza nini. Niliwaza kwamba nikipinda mapema lori litalala ubavu kwenye ukingo, na nikichelewa nitampanda mume wangu. Niliona mahali ambapo ukingo umebomoka, pale ng'ombe walipozoea kupita kwenda majini, na nikangoja mpaka pale. Huko kungoja kulikuwa kugumu kuliko kitu chochote nilichofanya maishani, kuliko kuzaa. Kisha nikazungusha usukani kwa mikono yote na mwili wote.

Lori lilipanda. Lilikata matuta ya muhogo moja baada ya lingine, na kila tuta lililipunguza nguvu. Kichwa changu kiligonga paa. Marobota yaliruka nyuma. Mwisho liliegemea kichuguu kikubwa, likainama kidogo, likatulia. Nilisikia harufu ya udongo na majani yaliyopondwa. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiganja, lakini sikujua bado.

Mume wangu aliona shamba likitikisika kwenye kioo chake. Alisimamisha lori, akaja mbio kilimani bila viatu, vilimtoka njiani. Alifungua mlango akanishika usoni, kichwani, mabegani, kama anayekagua gari. Alipogusa mkono nilipiga kelele, na hapo akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile, hata tulipokuwa Kongo na tukamzika mtoto wetu wa kwanza.

Mwenye shamba alikuwa bibi mmoja mwembamba. Alikuja na jembe lake, akatazama lori, akatazama muhogo wake, akanitazama mimi. "Nani alikuwa anaendesha?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Umejua kuchagua. Upande ule ungekufa." Kisha akaenda nyumbani kwake akarudi na vijiti na kitambaa, akanifunga mkono vizuri kuliko nilivyofungwa baadaye hospitalini. Yule mfanyabiashara alifika akitweta, pamoja na wakulima waliokuwa wanatembea. Alisimama akatazama njia ambayo lori lilikuwa limepita. Alihesabu kwa macho marobota yaliyobaki juu na akayafikiria yale yaliyokuwa chini ya paa la kanisa. Alimwambia mume wangu anipeleke hospitali kwanza, tumbaku itangoja. Wakulima waliyabeba marobota kwa vichwa mpaka barabarani, lori jingine la yule bwana likayachukua pamoja na yale ya kanisani, na siku iliyofuata walirudi wakamsaidia yule bibi kupanda upya matuta yake.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi kuliko mteremkoni. Mume wangu alisema sitakaa nyuma tena. Alisema kwa sauti ya mwisho, ya kijeshi, aliyoirithi kwa baba yake. Nilimwuliza nani atakaa. Siku nyingi tulibishana. Mama yangu alikuja kuniuguza, na nilitegemea atamwunga mkono. Badala yake alikaa jikoni akatusikiliza tukibishana, kisha akaniambia nimtafsirie mkwe wake maneno haya: "Gari lilipotaka kumwua, ni yeye aliyelikataza. Ukimweka mtu mwingine pale, utalala usingizi?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Mume wangu alitoka nje. Aliporudi alikuwa amebeba ile pini iliyokatika, akaiweka mezani. Alisema atatafuta pini za chuma kigumu zaidi, na ataongeza mnyororo wa usalama kila upande wa bomba, ili pini ikikatika mnyororo ushike. Akasema pia kwamba kuanzia sasa mzigo ukiwa mkubwa au mdogo, wa nyuma ndiye anasema. Hatukulijadili jambo hilo tena.

Nilidhani habari ya ajali ingetuharibia jina. Ilikwenda kinyume. Wale wakulima waliisimulia Adumi nzima, na yule mfanyabiashara akaisimulia mjini. Mkono ulipopona, watu walikuwa wanakuja uani kwetu wakisema wanataka "yule mama wa nyuma." Mwenye basi mmoja wa Koboko alikataa gari lake liguswe mpaka nifike, na nilikuwa nimeenda msibani Logiri. Mume wangu alikaa na abiria wenye hasira kutwa nzima. Alinilaki kwa maneno mafupi, "Mama, hawa watu hapana taka mimi."

Miaka ya tisini ilipoanza, macho yake yakaanza kuchoka. Vumbi na moto wa kuchomelea bila miwani vilikuwa vimeyala. Alikuwa bado anaona vizuri karibu, lakini mbali aliona ukungu. Hatukuhitaji kukaa kikao. Nilimwambia nitakwenda kutafuta leseni.

Mtihani wa kwanza nilianguka, na nilianguka vibaya. Mkaguzi alinipa gari dogo zima, lenye injini inayonguruma, na mimi sikuwa nimezoea gari linalotaka kwenda. Kila nilipoachia klachi lilizima, au liliruka. Breki niliikanyaga kama nilivyozoea, kwa mguu wote, na mkaguzi akagonga kioo kwa paji la uso. Aliniuliza kwa upole kama nimewahi kukaa kwenye usukani. Nilimwambia miaka sita. Aliandika kitu akaniambia nirudi baada ya mazoezi. Nilifanya mazoezi kwenye barabara ya Ediofe asubuhi asubuhi, kabla watoto wa shule hawajajaa njiani, na mara ya pili nilipita.

Basi tulibadilishana. Mimi nikakaa mbele na yeye akakaa nyuma, kwa sababu nyuma unahitaji kuona magurudumu tu yaliyo karibu nawe. Safari yetu ya kwanza hivyo tulivuta lori la chumvi kutoka Koboko. Niliposimama Maracha ili injini ipoe, nilikwenda dirishani kwake. Alikuwa amelowa jasho, vidole vimekauka kwenye usukani.

"Kila siku iko hivi?" akaniuliza.

"Kila siku."

"Na wewe ulikaa miaka yote bila kuniambia."

"Ulikuwa mbele. Ungesikia vipi?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nilimpa maji tukaendelea.

Wakati ule ule alikuja Arua mtu mwenye gari la kuvuta la kisasa, lenye mkono wa chuma unaonyanyua pua ya gari bovu, hivyo kwamba halihitaji mtu wa kukaa nyuma. Alikuwa kijana, mwenye heshima, lakini wateja wetu wa magari madogo walikwenda kwake kama maji. Mume wangu alikosa usingizi. Alisema tuuze lori tukafungue duka. Mimi nilikwenda nikatazama lile gari likifanya kazi. Lilikuwa zuri sana. Lilinyanyua teksi kama paka anavyobeba mtoto wake. Lakini nilitazama pia magurudumu yake, yalikuwa madogo, na nilijua barabara ya Koboko ina siku ambazo magurudumu hayo yangezama kabla ya kufika kwa mteja.

Nilimwalika yule kijana nyumbani, nikampikia enyasa na mboga ya ufuta, na nikamwambia nilichokiona. Hakubisha. Alikuwa ameshazama mara moja na alitolewa na trekta. Tulikubaliana kwamba magari madogo na mji ni yake, na malori, mabasi na barabara za nje ni zetu. Akipata kazi ya Koboko ataniita, nami nikipata teksi ya mjini nitamwita. Mume wangu alitaka iandikwe. Yule kijana alisema, "Mzee, mama ameshasema," na kazi iliendelea hivyo mpaka mwisho wa miaka ya tisini, na hatukugombana.

Asubuhi ya kwanza baada ya makubaliano hayo nilikwenda Koboko kuvuta basi. Lilikuwa limekwama kwenye maji karibu na mji, na abiria walikuwa wamelala humo. Tulilitoa kwa winchi, tukafunga bomba, mnyororo na pini mpya. Mume wangu aliingia nyuma. Abiria walikataa kubaki, walitaka kwenda na basi lao mpaka Arua, nami nilisema wanaweza, isipokuwa kwenye miteremko watashuka watembee. Walikubali. Kisha shehe mmoja aliyekuwa kati yao alisimama akaomba dua, na alipomaliza, mama mmoja wa Ediofe mwenye rozari naye akasimama akasali. Injini yangu ilikuwa inaunguruma na mafuta yalikuwa ghali. Niliwangoja wote wawili wamalize. Halafu nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi polepole, na basi likaanza kunifuata.